Ubao wa Siwema

Jumapili, Tandika, nyuma ya mitumba,
supu imekwisha, mifupa imenyonywa hadi ikaomba radhi,
na mechi ya jioni bado saa tatu nzima.
Ndipo Zomboko akauliza, kijiti mdomoni:
"Washambuliaji wote wa Uingereza,
tangu mpira uitwe mpira,
nani namba moja?"

Kama mtu katupa pande la nyama kwa paka.

"Shira!" Mwinyimvua, hata hajameza.
"Mabao mia mbili na sitini ya ligi kuu.
Akifunga ananyoosha mkono mmoja, anarudi kati.
Hachezi ngoma. Mtu wa kazi."

Kondo fundi bati akacheka kwa pua.
"Ligi kuu imeanza juzi, tisini na mbili.
Kabla ya hapo watu walikuwa wanacheza bao?
Greaves! Mia tatu hamsini na saba, daraja la kwanza,
kwenye matope, na mpira mzito kama kiazi kikuu."
"Ulimwona wapi?"
"Baba alimsikia redioni."
"Mabao ya masikioni hayo. Hatuhesabu."

Shekiondo akamleta Rush na masharubu yake.
"Huyo si Mwingereza, huyo wa Welisi."
"Kwani Welisi si Uingereza?"
"Ni muungano, kama wetu,
sema muungano wao una timu nne."
Tukatazamana.
Hilo tukaliacha lipite, lina siku yake.

Ikabidi iandikwe. Orodha isiyoandikwa ni kelele.
Kando ya jiko palikuwa na ubao mweusi
na chaki ikining'inia kwa uzi wa kiroba.
Kondo akapitisha kiganja mara mbili, ukawa safi,
akanikabidhi mimi, eti nina mwandiko.

SHIRA 260. Nikafuta. GREAVES 357.
Nikampandisha Rush, nikamshusha,
nikamtoa Dalglish,
akarudi kwa kura mbili na kikohozi.
Law alikuwa wa sita, akawa wa nne
kwa sababu Shekiondo alitishia kuondoka
na yeye ndiye mwenye pikipiki.
Vumbi jeupe likatuingia kwenye chai,
tukainywa hivyo hivyo.

Hatukumwona Siwema amesimama,
ndoo mkononi, unga hadi kwenye viwiko.
Akausoma ubao taratibu, kidole hewani,
kama anatafuta jina la mwanawe kwenye matokeo.

"Huyu Shira," akauliza, "ananidai au namdai?"

Ndipo tukakumbuka ule ubao ulikuwa wa nini.
Maharage yalisikika yakichemka.
Kondo akatazama kiganja chake:
cheupe, kimebeba madeni yetu wote.
Mwinyimvua akatabasamu kidogo, kwa siri,
kama mtu aliyeona refa kageuka.

"Msihangaike," akasema Siwema,
akapitisha tambara bichi, Uingereza nzima ikaenda.
"Ubao niliwawekea ninyi, muone haya.
Mimi sihitaji kusoma."

"Zomboko, elfu tatu na mia tano, tangu Jumanne.
Shekiondo, elfu saba, pamoja na lile yai
uliloapa ni bovu, ukalimaliza.
Mwenye mwandiko, elfu mbili.
Mwinyimvua, supu tano, chapati kumi na tatu,
mbili ulikula umesimama, ile siku ya mvua.
Elfu kumi na moja na mia nne."

Tabasamu la Mwinyimvua likafia hapo hapo.

"Na Kondo…"
Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.
"Kondo, elfu kumi na tisa.
Msimu mzima hajakosa mechi."

Akachukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa kuliko zangu:
1. KONDO

"Lakini dada," Kondo akajikuna shingo,
"yale ya kabla ya mfungo, si yamepita?
Si kama… ligi nyingine?"

"Daraja la kwanza," akasema Siwema,
akiokota vikombe,
"yanahesabiwa yote. Si umesema mwenyewe."

Mwinyimvua ndiye aliyeanza kupiga makofi,
akasahau kwamba yeye ni wa pili.